Chombo Gani Hicho, Mwanangu?

Nyanya yangu alianza kunidai hadithi mwezi ule alipotiwa dawa machoni na daktari akamkataza kusoma. Msomaji si mchezo: gazeti kila siku, kitabu cha tenzi kila Ijumaa, na hata karatasi iliyofungiwa kashata huikunjua akaisoma pande zote mbili. Kukaa bila herufi kulimtia homa. Basi jioni nikitoka kazini, nikishamwamkia na kumbusu mkono, kabla hata sijavua buibui, husema: "Ndoo mwanangu, kaa hapa. Leo una nini?"

Siku hizo nilikuwa na The House of Rust, riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber. Nimechelewa kuisoma, najua. Mswada wake ulipata tuzo ya Afrika ya wachapishaji Graywolf wa Marekani mwaka 2018, kitabu kikatoka 2021, na 2022 kikawa kitabu cha kwanza kabisa kupewa tuzo ya riwaya iliyoanzishwa kwa jina la Ursula K. Le Guin, dola 25,000. Mwandishi ni mtu wa hapahapa Mombasa, na kisa ni cha hapahapa. Aisha, binti wa Kihadhrami, babake mvuvi ametoka baharini asirudi. Binti anamfuata ndani ya chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka msomi mwenye maneno mengi. Njiani wanakutana na madubwana matatu ya baharini, mkubwa wao akiitwa Baba wa Papa. Kunguru nao wana lao la kusema, na kila mkazi wa Mombasa anajua kwamba kunguru wetu wangepewa ulimi wasingenyamaza.

Kila kitu humo ni cha kwetu isipokuwa lugha. Nyanya hajui Kiingereza, na nadhani hana nia ya kukijua katika umri huu. Kwa hivyo macho yangu yakawa yanasoma Kiingereza, kinywa kinatoa Kiswahili. Sikuona tabu. Nimekisomea Kiswahili, nimekifundisha, na mpaka leo riziki yangu ni kusahihisha Kiswahili cha watu. Sikufika mbali. Sentensi ya tatu nyanya alininyooshea mkono.

"Wasema kama redio," akasema.

Nilicheka, lakini lilinichoma. Alikuwa na haki. Aisha wangu alikuwa na macho, akatokwa na machozi, akapita njiani, akashuka chini pwani. Kwa nyanya, binti wa Mombasa ana mato, hutokwa na matozi, hupita ndiani, na akishuka hushuka tini. Nilikuwa nimemtoa Aisha katika Kiingereza nikamvika yunifomu ya shule, kisha nikamleta mbele ya bibi aliyezaliwa Kibokoni ili amtambue. Hakumtambua.

Tukaanza upya ukurasa wa kwanza. Na hapo ndipo nilipogundua jambo la aibu: sikuweza. Kimvita, lahaja ya Mvita, yaani Mombasa yetu, nakisikia, na jikoni nakisema bila kufikiri, lakini kila nilipokitia katika masimulizi, katika ile sauti ya msimuliaji anayeeleza jua limezama na upepo umegeuka, ulimi wangu ulirudi kwenye sanifu wenyewe, kama punda anayejua zizi lake. Mazungumzo niliyamudu. Masimulizi yalinishinda. Nyanya akawa ndiye anayenitilia maneno, mimi nameza mate na kuandika pembeni kwa penseli.

Ukitoka Fort Jesus ukaingia Mji wa Kale, barabara unayoikanyaga yaitwa Ndia Kuu. Kibao kinasema hivyo, ramani zinasema hivyo, na watalii hulitamka jina hilo wanavyoweza. Sijasikia mhariri aliyepandia ngazi pale akatia "j". Lakini ichukue "ndia" hiyohiyo uitie katika hadithi, uone.

Mimi nimeona. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka hadithi fupi kwa wachapishaji fulani waliokuwa wakikusanya kazi za waandishi wapya. Ilikuwa hadithi ya mama muuza viazi karai na mwanawe aliyekataa shule. Msimulizi wangu alisema sanifu tupu, nilikuwa muoga hata wakati huo, ila yule mama nilimwacha aseme kama wasemavyo mama zetu. Mswada ukarudi na alama pembeni: hitilafu ya tahajia, hitilafu ya tahajia, hitilafu ya tahajia. "Ndaa" ikawa njaa. "Mtele" ukawa mchele. Na kila mama alipomwita mwanawe "ndoo", ikawa njoo. Nadhani kazi hiyo ya mwisho waliiachia kompyuta, kwa sababu kitabu kilipotoka, ukurasa wa pili mama yule alionekana akivuka ua na njoo ya maji kichwani. Rafiki zangu wakanisalimia kwa "habari za njoo" mwaka mzima.

Sina kinyongo tena. Mhariri yule alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa. Ukifuata mlolongo huo nyuma utarudi papa hapa kisiwani, mwaka 1928, ulipofanyika mkutano wa kuamua ni Kiswahili kipi kiwe cha vitabu vya shule katika nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Wamisionari waliokaa Mombasa walikuwa upande wa Kimvita. Kamusi kubwa ya mmisionari Krapf ya 1882 ilikuwa imejengwa juu ya maneno ya huku. Wa Unguja walikuwa na chao, na hoja yao ilikuwa nzito: misafara ya biashara ilikwisha kukipeleka Kiunguja bara, mpaka Kongo. Kiunguja kikachukua. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuyasimamia yote hayo. Hukumu ya Kimvita, kwa hivyo, ilisomwa nyumbani kwa Kimvita. Nyanya nilipomweleza alisema, "Wamekuja kwetu, wamelishwa, kisha wametutoa ukumbini." Mimi siwalaumu sana. Nchi nne zilihitaji kitabu kimoja cha kusomea, na lazima pangekuwa na wa kukatwa.

Lakini kuna kitu katika hukumu ile ambacho kila nikikitazama sikielewi. Ushairi ulisamehewa.

Muyaka bin Haji, mtunzi wa Mvita wa mwanzoni mwa karne ya 19, tungo zake zilihifadhiwa na Mwalimu Sikujua, zikaja kuchapishwa kitabu mwaka 1940, na hakuna aliyethubutu kumsanifisha. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, jina lenyewe limebeba mji. Na Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa hapa 1946 na kufungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", aliandika mashairi yake gerezani juu ya karatasi za choo. Yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya Jomo Kenyatta. Moja kati yake linaitwa "Siwati". Mwalimu akilifundisha hugeuka ubaoni, akaandika kwamba siwati maana yake siachi, kisha akaendelea na vina na mizani. Hamwambii mwanafunzi kwamba Abdilatif kakosea tahajia.

Kwa nini basi yule mama wangu wa viazi karai amekosea?

Jibu la kawaida ni kwamba mshairi ana idhini ya kuikunja lugha kwa ajili ya mizani. Silikubali. Abdilatif hakusema "siwati" ili apate mizani. Siwati na siachi zina silabi sawasawa, zihesabu. Alisema siwati kwa sababu ndivyo anavyosema mtu wa kwao asiyetaka kuacha. Nionavyo mimi, tumemwachia mshairi lahaja yake kwa kuwa ushairi tumekwisha kuuweka kabatini pamoja na vyetezo na birika za shaba. Huko lahaja haimdhuru mtu. Nathari ndiyo yenye kazi: ndiyo ya gazeti, ya mtihani, ya riwaya inayotahiniwa kidato cha nne. Huko hatutaki mchezo. Matokeo yake, katika rafu yangu mashairi ya Mombasa yanasema Kimombasa, na riwaya za Mombasa zinasema ama sanifu ama Kiingereza. Na riwaya ndiyo yenye watu wanaogombana jikoni, wanaodaiana, wanaotaniana ferini pale Likoni. Hao ndio walionyang'anywa ulimi.

Mazungumzo haya yalipamba moto tena mwezi wa Mei 2025, kwa mambo mawili yaliyotokea ndani ya siku nane. Tarehe 20, mjini London, tuzo ya kimataifa ya Booker ilikwenda kwa Heart Lamp, hadithi 12 za Banu Mushtaq, wakili na mtetezi wa haki kutoka kusini mwa India anayeandika kwa Kikannada. Hakuna kitabu cha Kikannada kilichowahi kuipata, wala mkusanyiko wa hadithi fupi. Pauni 50,000 zikagawanywa nusu kwa nusu kati yake na mfasiri wake, Deepa Bhasthi. Kisha tarehe 28, Ngũgĩ wa Thiong'o akafariki huko Marekani, umri miaka 87.

Simu yangu ilijaa rambirambi za Ngũgĩ, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, zikimsifu kwa kukataa kuandika riwaya zake kwa Kiingereza. Haya, ni binadamu sisi. Mimi nilichokikumbuka ni Kamiti. Riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa 1980, aliiandikia katika gereza hilo juu ya karatasi za choo, miaka michache baada ya Abdilatif kufanya yaleyale humohumo. Fasihi ya nchi hii inastahili sura nzima juu ya karatasi za choo za Kamiti, na uimara wake.

Katika mabishano yaliyofuata, rafiki mmoja wa kutoka bara aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Nyinyi Waswahili mna bahati. Mnaandika tu lugha ya mama na nchi nzima inawasoma." Nilianza kumjibu nikakwama. Lugha ya mamangu ni ipi? Mkikuyu akirudi kwa lugha ya mamake anajua anakorudi, njia imenyooka. Mimi nikirudi nakuta nyumba imepakwa rangi mpya, samani zimebadilishwa, na mtu mlangoni ananisahihisha jinsi ya kubisha hodi.

Heart Lamp nilikisoma kwa wivu. Mfasiri ameyaacha maneno mengi ya Kikannada, Kiurdu na Kiarabu ndani ya Kiingereza chake, bila herufi za mlazo na bila maelezo chini ya ukurasa. Msomaji wa London asiyejua neno, na atafute, au apite. Wale wanawake wa Kiislamu wa Karnataka wanabaki na lafudhi yao hata wakiwa ugenini. Nami nikajiuliza iweje mtu wa ng'ambo ya bahari asikike kwa lafudhi yake katika Kiingereza, na mtu wa Kuze, hapahapa Mombasa, asisikike kwa lafudhi yake katika Kiswahili?

Nisije nikaeleweka vibaya, si kwamba nyanya anakichukia Kiswahili cha wengine. Kabla ya Aisha na paka wake tulikuwa tumemaliza Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Nyanya alisikiliza hadithi ya yule mtoto Yusuf, anayetolewa rehani kwa deni la babake, majuma mawili, na hakunikatiza hata mara moja kwa sababu ya lugha. Alinikatiza kumlaani baba mtu tu. Katika Kiingereza cha Gurnah neno rehani limekaa kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Katika Peponi limekaa kwao, na maneno mengine yamelisogelea kulisalimu. "Hiki ni Kiunguja," nyanya alisema usiku wa kwanza, "lakini cha watu." Nadhani hukumu yake yote juu ya fasihi imo katika maneno hayo mawili ya mwisho. Redio si ya watu. Kiunguja ni cha watu, Kipemba ni cha watu. Nilipomtajia diwani ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, iliyopata tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015, alilirudia jina mara mbili, n'na kwetu, n'na kwetu, akalipenda kabla hajasikia hata beti moja.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu hakubaliani nasi, na lazima niseme ana hoja. Alikuwa amelala kwenye kochi na simu yake usiku mmoja tukibishana mimi na nyanya juu ya "kuteza" na "kucheza", akainua kichwa. "Shangazi, hayo mnayosema mimi nikiandika nakatwa maksi. Na wenzangu darasani nusu hawaelewi." Kisha akaongeza, kwa huruma zaidi, "Hata sisi wenyewe hatusemi hivyo." Ni kweli. Kiswahili chake ni cha Mombasa ya leo, kimechanganyika na cha Nairobi na cha video anazotazama, na ni Kimombasa vilevile. Kitabu alichokipenda kuliko vyote ni Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, kilichoandikwa kwa sanifu safi na mtu wa kutoka bara, na alikililia matozi, samahani, machozi. Siwezi kumwambia alilia kimakosa. Lugha hii ina wenyewe wengi sasa, na waliokuja baadaye wametutendea mengi mema kuliko sisi tulioketi barazani tukihesabu makosa yao.

Ila namwonea huruma kwa jambo moja. Yeye hasikii tofauti ya kaa na k'aa. Nyanya akisema kaa la moto na k'aa wa pwani, pumzi inayomtoka katika la pili ungeweza kuzimia mshumaa. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni, vivyo hivyo. Maandishi ya kawaida yameyafanya mamoja, na sikio nalo limefuata maandishi. Mtoto wangu, ikiwa nitajaliwa mmoja, atamsikia nani?

Turudi kwenye kitabu. Tulifika pale Aisha anapokiona chombo cha mifupa kwa mara ya kwanza. Nikasoma, nikafasiri: mashua ya mifupa. Nyanya akaniuliza, "Chombo gani hicho, mwanangu?"

"Mashua, nyanya."

"Wasema mashua kwa kuwa ni mashua, au kwa kuwa hujui?"

Kwa kuwa sijui. Neno la Kiingereza lilikuwa la jumla, lile ambalo kila mtoto wa shule hulifasiri mashua. Nyanya hana neno la namna hiyo. Babake alikuwa baharia wa jahazi, na kwake yeye kitu kinachoelea kina jina, au hakielei. Akanihesabia: dau, mashua, jahazi, ngalawa, hori, mtumbwi. Kila kimoja akanieleza kwa mikono, tanga lake, omo lake, kama kina mrengu au hakina. Nilikumbuka kwamba ninacho chumbani Sambo ya Kiwandeo, ule utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany uliochapishwa 1979, unaoeleza uundaji wa chombo cha Lamu kipande kwa kipande. Nabhany aliishi hapa Mombasa mpaka alipofariki 2017, na watu wengi wanamjua kwa kubuni neno runinga tu. Nikaenda kukileta. Nyanya alinikataza kukifungua. Alitaka kufikiri mwenyewe.

"Yuwasafiri mbali huyo binti?"

"Mbali, nyanya. Mpaka kilindini kabisa."

"Basi si hori. Hori ni la bandarini." Akanyamaza. Paka wetu, asiyesema, alikuja akajilaza miguuni pake. "Na hiyo mifupa, wameishikanisha na nini? Misumari?"

Nikarudi kitabuni, nikatafuta ukurasa mzima. Sikuona msumari. Nikamwambia.

"Haiwi misumari," akasema. "Mfupa ukipigwa msumari hupasuka. Washonwa. Watoboa, wapitisha kamba ya makumbi, wakaza. Chombo cha kushonwa ni kimoja tu, nacho mamangu ndiye alokuwa akinambia habari zake, mimi sijakiona. Ni mtepe."

Nikaandika pembeni kwa penseli: mtepe wa mifupa. Nikalisoma kwa sauti. Mpwa wangu akauliza kutoka kwenye kochi mtepe ni nini, na nyanya akaanza kumweleza habari za chombo kisicho na msumari hata mmoja, tanga lake la ukili lililosukwa kama mkeka, na jinsi mabaharia walivyokuwa wakiteka maji ndani yake usiku kucha kwa sababu mishono ilivuja. Mtoto akaweka simu chini. Nilipotazama saa ilikuwa saa nne na nusu, na Aisha bado alikuwa amesimama ufukweni, hajapanda.

"Funga kitabu," nyanya akasema. "Apande kesho, maji yakijaa."